Ulizeni kliniki ya kifafa ni siku gani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kijana wa kijijini akizama kwenye pombe na mairungi (miraa), wazazi wampeleke wapi? Najibu kama mjomba, maana ninayemsema ni mtoto wa dada yangu. Tuko upande wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako safari ya Kampala ni usiku kucha kwenye basi.

Nianze na kosa langu. Mimi ni askari mstaafu, na jeshini tulizoea kwamba mkosaji anafungiwa. Kijana alipofika miaka 19 alikuwa ameshaacha shule, au tuseme shule ilimwacha: walimkuta na bangi kwenye mkoba, wakampa barua, wakafunga geti. Tangu hapo kutwa yuko senta, pale madukani. Mchana anatafuna mairungi na vijana wa bodaboda, usiku usingizi hauji, basi anautafuta kwenye lira-lira, gongo yetu ya kienyeji. Watu hudhani hivyo ni vilevi viwili. Kwa vijana wetu ni kimoja, cha kupandia na cha kushukia. (Serikali ilipiga marufuku viroba vya waragi mwaka 2019, na ilifanya vizuri, ila lira-lira yetu haikuwahi kukaa kwenye kiroba. Inapimwa kwa glasi ya chai.) Nikamfungia stoo na mkeka, ndoo, na ugali mara mbili kwa siku. Nikajiona nimempatia dawa.

Usiku wa pili akaanguka degedege. Mama yake ndiye aliyesikia miguu ikigonga mlango wa bati. Leo najua kwamba mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kushikwa na degedege, na wengine hufa. Mairungi peke yake hayana hatari hiyo. Anayeyaacha hulala sana, hununa na kukosa raha. Lakini mnywaji wa kila siku anatakiwa aachishwe mbele ya macho ya musawo, yaani tabibu, kwa dawa zinazopunguzwa siku hadi siku, na vitamini. Mzazi anayesoma hapa akiwa na ufunguo mfukoni, tafadhali akafungue.

Kosa la pili lilikula ng'ombe wawili. Ndugu mmoja alitusifia nyumba fulani karibu na Kampala inayopokea vijana. Sitaitaja. Tulilipa miezi mitatu mbele. Niliona geti refu, vijana wakipiga deki na kuimba; musawo sikumwona siku niliyompeleka wala siku niliyomchukua. Alirudi amenenepa, dada yangu akachinja kuku. Siku ya kumi na moja nikamkuta senta. Sisemi nyumba zote ziko hivyo, na Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ina kitengo chake cha pombe na dawa za kulevya. Ila hata angetibiwa vizuri namna gani kule, angerudi kwenye njia ile ile inayopita mbele ya glasi zile zile, na hakuna ambaye angemuuliza hali.

Aliyetufumbua macho ni jirani yetu, mama muuza mihogo. Mtoto wake ana kifafa na kila mwezi humpeleka kuchukua vidonge. Akaniambia, "Afande, kwenye benchi la musawo wetu wa kifafa mbona nawaona na walevi?"

Kumbe! Hapa Uganda wagonjwa wengi wa kifafa hutibiwa kwenye kliniki ya afya ya akili, na matabibu wa kliniki hiyo ndio hao hao wanaoshughulikia pombe, bangi na mairungi. Hospitali za rufaa za mikoa, kama ya Arua, zina kitengo hicho. Tabibu wa akili unaweza kumpata hata kwenye hospitali ya wilaya au kituo cha afya cha daraja la nne. Na tangu mwaka 2001 vituo vya serikali viliondoa ada. Mlango huo tuliupita tukiswaga ng'ombe wetu kwenda mnadani.

Kwa hiyo mkifika getini msiulize walevi wanatibiwa wapi. Mtachekwa, au mtaelekezwa Kampala. Ulizeni kliniki ya kifafa ni siku gani. Kifafa nacho kina maneno yake kijijini, lakini hakuna anayemwambia mgonjwa kwamba amejitakia.

Siku ya kwanza musawo alinitoa nje, nami nikakasirika, maana nauli nimelipa mimi. Maswali aliyoulizwa kijana nilisimuliwa naye tukirudi: unakunywa siku ngapi kwa wiki, asubuhi mikono inatetemeka, umewahi kuanguka, nani nyumbani unaongea naye, umewahi kutaka kujiua. Hilo la mwisho alijibu ndiyo. Tulikuwa tunalala nyumba moja.

Alilazwa siku chache mpaka mikono ikatulia na akaweza kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Kisha tukapewa tarehe, kila baada ya wiki mbili. Siwadanganyi: kuna siku dawa hakuna, unaandikiwa ukanunue. Kuna siku umefika na musawo yuko semina. Na kijana amerudia kunywa mara mbili. Mara zote mbili nilitegemea musawo amfokee, nikamsaidie kufoka. Aliuliza tu ilikuwa siku gani, na nani, na baada ya jambo gani, akaandika, akasogeza tarehe karibu. Mara ya pili ilikuwa baada ya mazishi, na sasa kukiwa na msiba wowote mimi ndiye ninayekaa naye ubavuni mpaka watu watawanyike.

Sasa ana miaka 21 na anafyatua matofali. Kumbukumbu zake za matibabu ziko kwenye daftari la shule la kurasa 48, jina limeandikwa juu kwa kalamu ya musawo. Limebakiza kurasa tatu. Alhamisi ndiyo tarehe yake, na nauli nimeshampa mama yake aishike.