Bibi wa Vyombo Anajibu: Sanamu nyeupe ya mwanamke kwenye maua

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni wa Tanga, sasa naishi Leicester, Uingereza, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Mama mmoja niliyemtunza amefariki, na wanawe wamenipa sanamu yake: mwanamke kichwa na mabega, ameinamisha uso, anachomoza katikati ya petali. Ni nyeupe, haing'ai. Mgongoni pamegongwa herufi, nasoma COPELAND na 1855. Je, ni marumaru? Imeingia umanjano na mume wangu anataka kuiosha kwa jiki. Petali moja imemeguka ncha.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie mumeo aiweke chini hiyo jiki.

Sasa tandika taulo, uilaze taratibu, uchungulie chini. Ukikuta uwazi, si marumaru. Ni kaure isiyopakwa ule ung'avu wa vikombe, inaitwa Parian, kwa kufuata Paros, kisiwa cha Ugiriki kilichowapa wachongaji wa kale marumaru yao. Ilibuniwa Stoke-on-Trent, huko huko Uingereza, miaka ya 1840, na viwanda viwili, Copeland na Minton, kila kimoja kikadai ndicho kilichotangulia. Udongo ulikorogwa na maji hadi ukawa uji, ukamiminwa kwenye kalibu za plasta. Plasta ikanywa maji, likabaki ganda, uji uliozidi ukamwagwa. Vipande viliungwa kwa uji uleule, vikaingia tanuru, humo vikasinyaa karibu robo. Ndiyo maana sanamu ilitegemezwa kila upande isije ikalala.

Huyo mwanamke wako ni Clytie, yule wa hadithi za kale aliyelipenda jua mpaka akageuka ua. Mwenyewe, wa marumaru, yuko British Museum, jumba la makumbusho la London. Mwingereza Charles Townley alimnunua Naples mwaka 1772. Wako ni mdogo wake. Mwaka 1844 Benjamin Cheverton alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine ya kupunguza sanamu: ncha moja inapapasa ile kubwa, nyingine inachonga ndogo kwa kufuata nyendo zilezile.

Angalia tena mgongoni, kwa tochi ya simu uimulike kutoka ubavuni, kama utaona ART UNION OF LONDON na jina C. Delpech, fundi wa nakala hii. Hapo ndipo pananifurahisha mimi. Chama hicho kilikusanya gini moja, yaani shilingi 21, kwa mwaka kutoka kwa kila mwanachama, kisha kikachezesha bahati nasibu ya kazi za sanaa. Tajiri alikuwa na marumaru yake. Karani mwenye bahati alipata Clytie wa kuweka sebuleni. Kwa hiyo mtu akikwambia hiyo ni marumaru bandia, mwache aseme. Haikutengenezwa kumdanganya mtu.

Kuosha: kwanza tazama kama imefungwa kwenye kitako kwa bolti. Ikiwa ndivyo, usiiloweke, chuma kikishika kutu kitaacha doa. Tafuta pia palipogundishwa zamani, kwa sababu gundi ya kale huachia kwenye maji ya moto. Tumia beseni la plastiki, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, na brashi laini ya kupakia poda usoni, mpya. Anza kwenye mikunjo ya nguo na katikati ya petali, vumbi ndiko linakojificha. Suuza, iache ikauke yenyewe. Umanjano ukibaki baada ya hapo, uache. Parian nyingi tangu kiwandani si nyeupe pe.

Petali usiijaze chochote. Wengi wa akina Clytie wamemeguka hapohapo, na kiraka kibaya huharibu kuliko pengo. Ukiihamisha, mkono mmoja chini ya kitako, mwingine mgongoni, kamwe usiishike shingo. Na siku ukiwa na nafasi panda treni uende London ukamwone dada mkubwa. Kuingia ni bure.