Jibu: Kwa nini protini zinazowasha jeni za saratani ni ngumu kuzuiwa na kidonge

Mkuu, umeuliza kwa nini dawa ya imatinib inazuia kimeng'enya cha saratani ya damu, ilhali protini zinazowasha jeni husemekana haziguswi na dawa. Tatizo ni umbo. Kimeng'enya kina tundu la kufanyia kazi, na molekuli ndogo hujibanza humo ikaliziba. Protini inayowasha jeni hushikana na DNA na protini wenzake kwa uso mpana, tena nyingi ni tepetepe. Kidonge kinakosa pa kushika.

Ila "haziguswi" ni kutia chumvi. Angalia HIF-2 alfa, mojawapo ya protini hizo zinazowasha jeni. Kwenye aina kuu ya saratani ya figo, jeni ya VHL, inayofanya HIF-2 alfa ivunjwe, mara nyingi imeharibika, hivyo HIF-2 alfa haivunjwi tena. Inaendelea kuamrisha mishipa ya damu iote na uvimbe ukue. Watafiti wa UT Southwestern, Dallas, walikuta uwazi mdogo ndani kabisa ya protini hiyo, wakachuja kemikali kama 200,000 kutafuta zinazoingia humo. Ikishaingia, HIF-2 alfa inashindwa kuungana na protini mwenzake, ARNT, na jeni haziwashwi. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa dawa ya belzutifan, iliyoidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, Agosti 2021 kwa uvimbe wa ugonjwa wa kurithi wa VHL, kisha Desemba 2023 kwa saratani ya figo iliyosambaa na kushinda dawa nyingine.

Madhara makubwa ya dawa hiyo ni upungufu wa damu, maana HIF-2 alfa ndiyo huwasha pia homoni ya kutengeneza chembe nyekundu. Kwangu huo ni ushahidi kwamba dawa inapiga palepale. MYC, protini nyingine inayowasha jeni za saratani, ndiyo kigingi: haina uwazi wa namna hiyo.