Balozi alipoipita nyumba ya Madam

Wiki hii gazetini mmeuliza mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo huchukua muda gani kuyazoea maisha ya kijijini. Swali hilo limenikera kidogo, kwa sababu linamtazama mgeni peke yake, kana kwamba kijiji ni baridi ya Njombe ambayo mtu huizoea akishanunua sweta. Mimi ni mzaliwa wa Magu, mkoani Mwanza, na nimefundisha miaka mingi katika shule ya kata huku Njombe. Kwa kuwa nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, nilipanga kijijini, ukuta kwa ukuta na binti wa Kimarekani aliyekuja kutufundishia Fizikia na Hisabati, ambaye wote tulimwita Madam. Kuchota maji kwa dumu, kuwasha jiko asubuhi ya Juni na kumwamkia kila mzee anayekutana naye njiani, hayo yote aliyamaliza mapema. Kwa hiyo naomba kujibu swali jingine: ni lini kijiji humhesabu mgeni kuwa mtu wake?

Msimamo wangu nauweka wazi kabisa: sioni sababu ya kuendelea kuwaleta walimu hao wa ng'ambo. Peace Corps, yaani wale wa kujitolea wanaotumwa na serikali ya Marekani, ambao ndio wengi wetu tunaowakumbuka, waliingia Tanganyika mwaka 1961, wakaondoka 1969, wakarudi 1979, na Machi 2020 wakaondolewa hapa na duniani kote kwa sababu ya corona. Sidhani kama kuna kijiji kilichoulizwa maoni katika hatua yoyote kati ya hizo. Wakati huohuo vijana wetu waliohitimu ualimu wako mitaani wakisubiri ajira, na baadhi yao wanajitolea katika shule hizi hizi kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi, wala sijaona gazeti likiuliza kama wao wamezoea.

Lakini kuna msiba mmoja ambao lazima niusimulie. Msimu mmoja wa mvua alifariki baba yake mlinzi wa shule yetu. Balozi wa nyumba kumi alipita na daftari kama ilivyo desturi: kila kaya sado moja ya mahindi, mzigo wa kuni na shilingi 2,000. Sisi walimu hakutugusa, kwa kuwa tulikuwa na bahasha yetu ya pamoja kutoka shuleni, na nyumba ya Madam aliipita vilevile. Madam alikuwa barazani akisahihisha madaftari. Akayaweka chini, akamfuata balozi hadi njiani.

"Shikamoo, balozi. Mbona umenipita?"

"Marahaba, Madam. Wewe ni mgeni wetu. Mgeni hachangi, mgeni anakula."

Nilimweleza kuwa jina lake limo katika bahasha ya walimu, kwa hiyo hadaiwi. Akanijibu kwa upole kwamba bahasha ni ya shule, na yeye analala hapa. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akadakia kwamba basi aandikwe elfu hamsini, maana Wazungu wanazo. Balozi akakataa palepale: akiwa kaya atatoa cha kaya, akiwa mgeni hatoi kitu, na hiyo elfu hamsini ingeandikwa chini ya jina la nani? Akafungua daftari, akamwandika.

Fedha na mahindi havikumsumbua. Kuni ndizo zilizomtesa, kwa sababu alikuwa akipikia gesi na mkaa. Akaongozana na akina mama hadi kwenye miti ya miwati, akarudi na kamzigo kalikofungwa ovyo, kakiyumba kichwani, huku amekang'ang'ania kwa mikono miwili. Mama aliyekuwa akipokea kuni msibani alikatazama, akamwambia kijana wa daftari, "Andika nusu." Nikaingilia kati, nikasema mgeni amejitahidi, apewe alama yake kamili. Yule mama akanigeukia: "Mwalimu, na wewe kuni zako ziko wapi?" Waliokuwepo wakacheka sana, nami sikuwa na la kujibu, kwa sababu tangu nihamie pale sikuwahi kuulizwa kuni. Kesho yake, kabla ya maziko, Madam alileta nusu iliyobaki, akasimama pale hadi neno "nusu" lilipofutwa na kuandikwa "moja".

Baada ya hapo aliwekwa katika zamu ya kusafisha chemchemi, akaanza kudaiwa jembe alilochelewa kulirudisha, na akina mama wakamwambia bila kumficha kwamba ugali wake ulikuwa mbichi. Mimi pia balozi alianza kunipitia, nami nashukuru. Wenzangu wengi, Watanzania kama mimi, walizoea kupanda basi la Ijumaa kwenda mjini na kurejea Jumatatu, na hakuna aliyewahi kuwaandika hata nusu.

Ni kweli kwamba miaka yake miwili ilipokwisha aliondoka, na darasa la Fizikia likakaa bila mwalimu hadi mwaka uliofuata. Hasara hiyo siwezi kuifuta kwa kisa cha kuni, na mzazi ambaye mwanawe alikuwa Kidato cha Tatu wakati ule ana haki ya kunipinga.

Hata hivyo, kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba lawama yangu kubwa haikuwa juu yake. Akija mwingine, mimi ningepiga kura apokelewe, mradi afundishe bega kwa bega na mhitimu wetu mmoja ambaye ataajiriwa na kubaki, na mradi asijengewe nyumba ndani ya uzio wa shule. Kama nafasi ya mshahara ni moja tu, apewe huyo mhitimu, na mgeni asubiri. Wala siwaahidi kwamba kila kijiji kina balozi wa aina ile. Kijiji jirani, kwa ninavyokifahamu, wangemwandika elfu hamsini.