Shangazi, buibui wa mume wangu ametoroka tena

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, naishi Leicester, Uingereza, na mume wangu na mtoto wetu wa miaka minne. Mume anafuga matarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, chumba cha juu, kila mmoja na kasha lake la plastiki. Mwezi huu wametoroka mara mbili, yeye akiwa zamu ya usiku. Sasa ni yule wa rangi ya chungwa, hajaonekana tangu juzi. Niliingia usiku kufuta vumbi nikakuta kasha tupu, kifuniko kimewekwa pembeni. Nilipomweleza mama mkwe, alicheka. Nimemwambia mume achague: mimi au buibui. Nimekosea? — Niliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulala taa ikiwaka na soksi miguuni. Pole yangu imeishia hapo.

Kifuniko "kimewekwa pembeni". Kimewekwa na nani? Tarantula anaweza kusukuma kifuniko kilicholegea, tena wengine hutoboa wavu wa plastiki kwa meno. Lakini kunyanyua kifuniko akakilaza pembeni kistaarabu, hapana. Na kila wakitoroka, mume yuko kazini. Nani anafuta vumbi usiku wa manane katika chumba anachokichukia? Kikulacho ki nguoni mwako, na hapo simsemi buibui.

Halafu huyo wa chungwa ni wa kwenu! Wafugaji wa Ulaya humwita Usambara, milima ile ile uliyozaliwa. Mtu wa Lushoto anakimbizwa Leicester na jirani yake wa nyumbani.

Haya, hoja ya mtoto nakupa. Buibui hawa wa Afrika hawana manyoya ya kuwasha kama wenzao wa Amerika, silaha yao ni meno na mbio. Akiuma, maumivu ni makali na misuli hukaza, ingawa haijathibitika kuwa aliwahi kuua mtu. Nyumba yenye mtoto, mumeo alipaswa kufunga chumba kwa kufuli na kutembea na ufunguo. Hilo mwambie, tena kwa ukali.

Lakini "mimi au buibui"? Ndoa za siku hizi kila jambo ni talaka. Zamani mke akichukizwa na kitu alinuna siku mbili, akapika ubwabwa bila nazi, mume akaelewa. Leo mnaanzia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, picha na sauti za dakika tano, mwenye nyumba anasikia habari zake kwa shemeji. Wenzako waume zao wanalala nje. Dume la tarantula likikomaa huacha shimo lake na kuzurura usiku kutafuta jike. La kwako la miguu miwili linatoka zamu asubuhi na kuja kulala nyumbani, nawe unalalamika!

Sasa mtafute. Mtoto alale kwako, ziba chini ya mlango wa chumba cha juu kwa taulo. Usipulize dawa, usiwashe mashine ya kufyonza vumbi. Subiri giza, ndipo hutoka, kisha umulike na tochi pembezoni mwa kuta, nyuma ya kabati, ndani ya viatu, karibu na hita. Ukimwona usimshike. Mfunike kwa bakuli la plastiki, penyeza karatasi ngumu chini yake, na usimwinue juu sana, maana akianguka tumbo hupasuka. Na kama moyo hauwezi, funga mlango umsubiri mwenyewe.

Mumeo akirudi, mweleze habari ya kifuniko kabla hajapanda ngazi. Mama mkwe usihangaike kumpigia. Nadhani alipocheka alikuwa ameshajua.