"One of the boys": kwa nini ni "is"

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini umekosa alama kwenye "One of the boys ___ absent" ulipojaza "are", ilhali wavulana ni wengi. Aliyesahihisha yuko sawa, jibu ni "is". Ila usikate tamaa, kanuni hii unaijua tangu utotoni.

Wewe ni wa Tanga, basi simama Sahare asubuhi mashua zikiingia. Utasema "mmoja wa wavuvi amerudi", kamwe si "wamerudi". Kitenzi kinamfuata mmoja. Na tenga likidondoka sokoni Ngamiani: "tenga la maembe limeanguka", kwa sababu kilichoanguka ni tenga. Kiingereza nacho ni hivyohivyo: "A basket of mangoes has fallen."

Mtego wa watunga maswali ndio huo, wanaweka neno la wingi jirani kabisa na pengo. Funika "of the boys" kwa kidole, soma kilichobaki. Mimi nilifanya hivyo hadi chumba cha mtihani, na nawafundisha wanangu vilevile.

Angalia "neither... nor" tu, pale kitenzi hufuata nomino iliyo karibu nacho: "Neither the teacher nor the students were there."

Lile swali lako lingine la kujaza pengo, "I look forward to ___ you", ni nahau, jaza "seeing". Hapo "to" ni kihusishi, haidai "see". Nahau ishike nzima pamoja na sentensi yake, kama mgeni anavyolazimika kushika "kupiga pasi" bila kuuliza kipigo kiko wapi.