Kima cha chini cha mshahara kikipanda, kazi zinakwenda wapi?

SWALI: Nina biashara ya udobi hapa Mombasa. Tunafua shuka na taulo za nyumba mbili za wageni, pamoja na nguo za majirani. Nina wafanyakazi sita. Wawili wa mashine na pasi nawalipa shilingi 23,000 kila mmoja, na wanne wa kufua, kuanika na kukunja nawalipa 14,000. Mauzo ni kama 320,000 kwa mwezi. Nimeambiwa hao wanne nawalipa chini ya sheria. Mdogo wangu anasoma uchumi chuoni. Amenichorea mchoro akasema kima cha chini ndicho kinacholeta ukosefu wa ajira, na ushahidi ni mimi mwenyewe, maana nikilazimishwa kulipa itanibidi nimwachishe mmoja. Kitaalamu ni kweli?

JIBU: Dada yangu, mchoro wa mdogo wako tutauendea. Kwanza tushike kalamu, kwa sababu katika hesabu yako mna karibu mjadala mzima ambao wachumi wameubishania tangu enzi za babu zetu.

Wafuaji wako naona wanaingia kundi la mfanyakazi wa kawaida, lile la chini kabisa katika agizo la mishahara. Afisa wa leba atakuthibitishia. Kwa Mombasa, tangu tarehe 1 Novemba 2024, kundi hilo linalipwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Hapo bado posho ya nyumba, asilimia 15, kama huwapi mahali pa kulala. Jumla 18,530. Unalipa 14,000, kwa hiyo kila mmoja anakudai kama 4,530, na wanne ni kama 18,100. Ongeza sehemu yako wewe mwajiri: NSSF asilimia 6 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5 juu ya nyongeza hiyo. Unafika karibu 19,500 kila mwezi.

Sasa tazama. Ukimwachisha mmoja baada ya kupandisha, unaokoa mshahara wake na makato yake, karibu 19,900. Ni kama umefidia nyongeza yote kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana wazo hilo lilikujia haraka, na ndiyo maana linamjia kila mwenye biashara ndogo. Mimi sikulaumu kwa kulifikiria.

Lakini hesabu hiyo imeacha kitu: kazi ya huyo mtu itafanywa na nani? Kama wanne wanafua mpaka magharibi na shuka bado zimelala kwenye beseni, ukiondoa mmoja umeondoa robo ya ufuaji wako, na nyumba za wageni hazisubiri. Kama una mtu ambaye nusu ya siku amekaa hana la kufanya, basi kazi yake ilikuwa hatarini kabla ya agizo lolote. Na usisahau kwamba kupunguza mtu kwa sababu za kibiashara kuna gharama yake kisheria: ilani ya mwezi mmoja kwake na kwa afisa wa leba, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia.

Kuna njia nyingine ambayo mchoro hauonyeshi. 19,500 ni asilimia 6 ya mauzo yako. Shuka unayoifua kwa shilingi 100 ikawa 106, nyongeza yote imelipwa na hakuna aliyetoka. Swali ni kama mteja ataikubali 106, na hapo ndipo jirani yako wa uchochoroni, dobi anayefua kwa bei ya chini yako, anapoingia. Nitamrudia.

Mchoro wenyewe haukosei katika kile unachokisema. Mshahara ukipanda, waajiri wanataka watu wachache na wanaotaka kazi wanaongezeka; mistari hiyo miwili inakutana mahali. Ukiweka sakafu, yaani kima cha chini, juu ya pale inapokutana, wanaotaka kazi wanazidi kazi zilizopo. Mchumi wa Marekani George Stigler aliandika hoja hii kwa ukali mwaka 1946, na kwa miongo mingi ndivyo vitabu vilivyofundisha. Ila mchoro umejengwa juu ya dhana moja nzito, kwamba mwajiri anaukuta mshahara sokoni kama wewe unavyoikuta bei ya nyanya Kongowea. Huwezi kununua chini ya hapo, maana muuzaji ana wateja wengine kumi.

Je, ndivyo mtu anavyouza nguvu zake? Fikiria kijiji ambacho waajiri wakubwa ni wawili watatu tu, kama kule kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, au kwenye maua ya Naivasha kwa mtu asiye na nauli ya kurudi kwao. Tuseme mwajiri ana watu 100 kwa shilingi 400 kwa siku, na wa 101 hatoki nyumbani bila 420. Akimpa 420, wale 100 watataka hiyo hiyo. Kwa hiyo huyo mmoja hamgharimu 420. Anamgharimu 420 pamoja na 2,000 za wenzake, jumla 2,420. Mwajiri anaamua kubaki na 100 na kulalamika kwamba watu hawapatikani. Serikali ikisema sakafu ni 420 kwa wote, gharama ya wa 101 inakuwa 420 tu, na sasa inafaa kumchukua. Mshahara umepanda na ajira imepanda pamoja nao. Mchumi wa Uingereza Joan Robinson alilieleza jambo hili mwaka 1933 na kulipatia jina, monopsoni, yaani soko lenye mnunuzi mmoja. Ukiipandisha sakafu hiyo mno, mpaka ipite thamani ya kile mtu anachozalisha, mchoro wa mdogo wako unarudi na kuwa kweli. Basi ubishi wa maana ni sakafu iko juu kiasi gani, na ni nani mwenye nguvu ya kupanga mshahara pale inapowekwa.

Ushahidi uliowatikisa wachumi ulitoka Marekani. Tarehe 1 Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na jirani yake Pennsylvania akabaki pale pale. David Card na Alan Krueger walihesabu wafanyakazi katika migahawa 410 ya vyakula vya haraka, pande zote mbili za mpaka, kabla na baada. New Jersey ilitoka wastani wa wafanyakazi 20.44 kwa mgahawa ikafika 21.03. Pennsylvania, ambako sheria haikuguswa, ilishuka kutoka 23.33 hadi 21.17. Penye sakafu mpya ajira hazikuporomoka. Card alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021. Krueger alikuwa amefariki mwaka 2019.

Mdogo wako akikuambia utafiti huo ulipingwa, anasema kweli. David Neumark na William Wascher walichukua vitabu vya mishahara vya migahawa badala ya majibu ya simu, wakapata picha iliyo kinyume. Card na Krueger wakajibu mwaka 2000 kwa takwimu za serikali, wakasema athari ni ndogo mno au haipo. Mwaka 2019 Doruk Cengiz na wenzake walipima nyongeza 138 za majimbo ya Marekani tangu 1979. Kazi zilizopotea chini ya sakafu mpya zilikuwa karibu sawa na zile zilizojitokeza juu yake kidogo, maana yake watu walipandishwa badala ya kufukuzwa.

Seattle imenifundisha zaidi, kwa sababu pale watafiti walihesabu saa pamoja na vichwa. Mji huo ulipandisha kima chake kutoka dola 11 hadi 13 kwa saa mwaka 2016. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walikuta saa za kazi katika ajira za malipo ya chini zimepungua kama asilimia 9, na mshahara umepanda kama asilimia 3. Wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliotazama migahawa peke yake, hawakuona upotevu. Baadaye timu ile ya Washington iliwafuata watu mmoja mmoja, ikakuta wenye uzoefu walifaidika, wenye uzoefu mdogo hawakupata kitu cha maana, na wapya walioingia wakapungua. Nadhani hapo ndipo penye jibu la uaminifu. Pale sakafu inapouma, haiumi kwa wote. Mara nyingi anayeumia ni kijana ambaye bado hajaajiriwa, na huyo hana mahali pa kulalamika.

Hayo yote ni ya Marekani, ambako karibu kila mwajiriwa ana karatasi. Kenya, zaidi ya kazi 8 kati ya 10 zilizo nje ya kilimo kidogo ziko jua kali, yaani nje ya ajira rasmi. Na hapa ndipo ninapoachana na mdogo wako pamoja na wapinzani wake wote, kwa sababu wanatafuta athari mahali ambapo haiwezi kuonekana.

Miaka ya nyuma nilishika dodoso la hali ya ajira mtaani Kisumu. Kanuni ya kimataifa, tunayoifuata hata sisi, ni kwamba aliyefanya kazi ya kulipwa walau saa moja katika wiki anahesabiwa ameajiriwa. Kijana mmoja alikuwa ameondolewa kiwandani mwezi uliotangulia. Wiki hiyo alikuwa amepakua lori moja la saruji, basi. Nilimwandika ameajiriwa, na kwa kanuni sikukosea. Kalamu ilikuwa nzito mkononi. Huku kwetu mtu hawezi kukaa bila kazi, maana hakuna posho ya kumlisha. Akikosa ajira anakwenda kibaruani, anasukuma mkokoteni, anauza mahindi ya kuchoma, na kwenye takwimu anaonekana yuko kazini. Ndiyo sababu Shirika la Takwimu la Taifa limekuwa likiripoti ukosefu wa ajira wa karibu asilimia 5, na kila mama mwenye watoto waliomaliza shule anashangaa wamehesabiwa vipi.

Kwa hiyo swali "kima cha chini kinaongeza ukosefu wa ajira?" kwa Kenya limeulizwa vibaya. Uliza kinahamisha watu kwenda wapi. Mariana Andalón na Carmen Pagés walilitazama hilo katika utafiti wao wa mwaka 2008 kuhusu Kenya. Pale kima kilipokaribia mshahara wa mtu wa katikati, fungu la ajira rasmi lilipungua, na fungu la waliojiajiri wenyewe likaongezeka. Hilo halionyeshi watu wakiingia orodha ya wasio na kazi. Linaonyesha wakiteleza kutoka kwenye kazi yenye sheria hadi kwenye kazi isiyo nayo.

Jirani yako wa uchochoroni ndiye mteremko huo. Anachukua vibarua kwa 400 kwa siku, siku 26 ni 10,400, hana NSSF, hana posho ya nyumba, na shuka anaifua kwa 90. Sheria inayokubana wewe inambana na yeye. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007 inakifanya kima kuwa sehemu ya kila mkataba, hata kama mfanyakazi amekubali kidogo, na kulipa chini yake ni kosa. Sheria ya Ajira inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi si kibarua tena. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kumkagua. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kila Mei Mosi tunashangilia asilimia zinazotajwa jukwaani, na hatuulizi ni maafisa wangapi wa kazi watakaoingia uchochoroni kuzihakikisha.

Na asilimia hizo nazo zipimwe. Kima cha mfanyakazi wa kawaida mjini kilikuwa 13,572.90 tangu Mei 2018. Mwaka 2022 kikapandishwa asilimia 12, kikawa 15,201.65. Katika miaka hiyo minne bei zilipanda kama asilimia 5 kila mwaka au zaidi, jumla zaidi ya asilimia 20. Nyongeza hiyo ilimwacha mfanyakazi ananunua unga mdogo kuliko 2018. Asilimia 6 ya Novemba 2024 nayo ilikuja nyuma ya bei. Mtu akisema kima kilichopanda ndicho kilichoua kazi katika kipindi hicho, mwambie kima chenyewe, kwa thamani ya sokoni, kilikuwa kinashuka.

Turudi kwako. Wewe si ushahidi wa mchoro bado, kwa sababu hujajaribu bei. Kabla hujagusa mtu, waandikie wenye nyumba za wageni sasa, kabla ya msimu wa Desemba, uwaonyeshe hesabu ya 100 kwenda 106 na tarehe ya kuanza. Waambie pia kile ambacho jirani hawezi kuwaahidi: watu wale wale, shuka zisizopotea, risiti. Biashara zinazolipa vizuri kidogo huondokewa na wafanyakazi mara chache, na wewe unajua shuka ngapi huungua pasi mwezi wa kwanza wa mfanyakazi mgeni. Mteja mmoja akikubali na mwingine akakataa, niandikie tena na kiasi cha kazi anachokuletea kila mmoja, tupige hesabu upya. Lile pengo la 4,530 lisikae bila tarehe ya kulizibia, kwa sababu kila mwezi unaopita linakuwa deni ambalo mfanyakazi anaweza kulidai mahakamani, na atakuwa na haki.