Mbuzi wanatupa mimba, idara inasubiri Julai

MUULIZE MHASIBU MSTAAFU

Swali: Mzee, shikamoo. Tangu mvua hizi zikolee, mbuzi wangu 14 wametupa mimba ndani ya wiki mbili, na jirani yangu naye hivyo hivyo. Afisa mifugo wa kata ameshatoa taarifa, ila anasema idara imefikia ukomo wa bajeti, hakuna dizeli wala dawa mpaka Julai. Hivi huo ukomo ni amri ya Mungu? – Mfugaji, Bahi

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole. Ni ugonjwa gani, maabara ndiyo itakayosema. Kwa sasa usishike mimba hizo kwa mikono mitupu, maziwa yachemshwe, na mbuzi anayeumwa asichinjwe. Hayo hayangoji bajeti.

Ukomo ni kiwango ambacho Wizara ya Fedha hukipanga kabla mwaka haujaanza, na idara hugawana humo humo. Ni karatasi, na karatasi hurekebishwa. Njia fupi ni uhamisho: hela inatolewa kwenye kasma iliyolala, yaani kifungu cha matumizi chenye namba yake, tuseme semina, inapelekwa kwenye dizeli. Jumla haijaguswa hata senti; inatakiwa barua yenye sababu, namba za kasma zote mbili, na vibali. Fungu zima, yaani bajeti yote ya wizara au mkoa, likizidiwa, Serikali hupeleka bungeni makadirio ya nyongeza. Hata Katiba, Ibara ya 140, imeutaja mfuko wa matumizi ya dharura.

Wenye uwezo nao hukwama. Uingereza walithibitisha ugonjwa wa miguu na midomo tarehe 20 Februari 2001, mwaka wao wa fedha ukifungwa mwishoni mwa Machi. Mifugo zaidi ya milioni 6 ilichinjwa, na serikali ikatumia zaidi ya pauni bilioni 3. Bajeti gani ya wizara ya kilimo ingekuwa imetenga hela hiyo?

Sasa niseme la kwangu. Mwaka 2007, Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, unaotupisha mifugo mimba na kuambukiza hata watu, ilipoingia Dodoma, nilikuwa kwenye uhasibu wa halmashauri moja ambayo sitaitaja. Bwana mifugo aliingia na buti za tope, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne: dizeli lita 200, glavu, sindano. Nikaiangalia namba ya kasma, ilikuwa ya matengenezo ya ofisi. Nikamrudishia. Alipokuja na namba sahihi, mwenye kusaini yuko safarini. Zikapita siku tisa. Kwa kanuni sikukosea popote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mwaka ule homa hiyo iliua watu zaidi ya 100 nchini, na mkoa wetu uliumia sana. Nyama ilishinda buchani mpaka jioni, watu wamekimbilia kuku na samaki.

Kumbuka pia kwamba hela iliyochelewa hainunui kitu kile kile. Chanjo ya homa ile inatakiwa itangulie mvua. Mbu wakishazagaa na mifugo ikishaambukizwa, sindano moja inayopita kwa mbuzi kumi inaweza kukibeba kirusi chenyewe kutoka huyu kwenda yule. Shilingi ya Oktoba inanunua kinga. Ya Machi inanunua glavu na majembe ya kufukia mizoga. Afisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa hela za ofisi, anayesema "tusubiri Julai" anadhani anaahirisha matumizi, kumbe anayabadilisha.

Kwa hiyo usimgombeze afisa mifugo wa kata, yeye hana sahihi ya hela. Mwone diwani wako, ikiwezekana mbele ya mkutano wa kijiji, umuulize: ombi la uhamisho limeandikwa tarehe ngapi, linatoka kasma ipi, na sasa hivi liko juu ya meza ya nani? Akikujibu "linashughulikiwa", rudia hilo la meza.